Maji Yapo Kasikeu, Lango Ndilo Lililofungwa

Saa tatu asubuhi, Mbithe Kyule anateremsha kamba ya kupimia ndani ya kisima kimoja karibu na Kasikeu, Makueni. Anasikiliza mpaka uzito uguse maji, kisha anaikunja taratibu.

"Maji ni mengi," anasema. "Lakini kuna waliokaa hapa karibu na hawakuwa wanayapata."

Mbithe, mama wa watoto watatu, ni karani wa utafiti. Hupima visima, kisha hupita nyumba kwa nyumba akiuliza watu huteka wapi, nani hutumwa kuteka, na nini huwazuia. Kazi ni ya msimu. Ikikatika, hurudi kuuza matunda sokoni Matiliku.

Mwaka jana alifika kwa Ndinda, mjane anayeishi mashamba mawili kutoka kisima hiki. Alimkuta mtoni, akichota maji ya tope kwa kikombe kutoka shimo alilofukua mchangani.

"Susu, mbona huendi kisimani?" alimuuliza, kama Wakamba wanavyomwita nyanya.

"Kijana wangu aligombea uenyekiti wa kamati ya maji, akashindwa," Ndinda alijibu. "Tangu hapo nikifika naambiwa kumefungwa."

Mwenyekiti aliyeshinda ni Mwangangi, kaka mkubwa wa mume wa Mbithe. Ndiye aliyewapa kiwanja walichojengea nyumba.

"Nilimweleza mume wangu," Mbithe anakumbuka. "Akasema, andika ulichoona."

Akaandika kwamba maji yapo, ila wengine, akiwemo mjane mmoja mzee, wamefungiwa njia. Hakutaja jina. Hata hivyo, ripoti iliposomwa barazani, macho yote yalimgeukia Mwangangi.

"Shemeji, umenianika," alimwambia wakitoka.

"Sikukutaja," Mbithe akajibu. "Nimemtaja susu mwenye kiu."

Wiki hiyo kamati iliamua lango la kisima liachwe wazi mchana kutwa, na leo Ndinda anateka kama wengine. Mwangangi naye hajakanyaga kwa ndugu yake tangu siku ile.

"Watoto huuliza baba mkubwa alienda wapi," Mbithe anasema. "Hapo ndipo huniuma."

Kiangazi kijacho ameitwa Kitui kwa kazi hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka, yeye na mumewe wanapanga kumpelekea Mwangangi mbuzi, waketi wale pamoja.

"Sitamwomba msamaha kwa nilichoandika," anasema. "Nitamwomba arudi nyumbani."