Magoti Yanatangulia

Nimechoka. Niseme hivyo mapema, nisije nikaonekana shujaa. Mwaka wa saba huu, kila baada ya wiki mbili naacha kibanda changu cha mitumba Mbalizi, napanda basi la alfajiri kwenda Rujewa kuwafundisha wanawake jinsi ya kujinasua mikononi mwa mwanamume. Mimi nilifundishwa kwenye mgambo nikiwa binti, na goti langu la kushoto halijasahau. Likipata baridi ya huku kwetu linanisema siku nzima.

Wanafunzi wangu ni wanawake wa mashineni, wanaoanika mpunga na kupepeta mchele. Wanakuja kwenye ukumbi wa kanisa wakiwa na vumbi la pumba hadi kwenye nyusi. Ukiwaona wanavyobeba gunia huwezi kudhani wanahitaji mwalimu. Nguvu wanazo. Tatizo ni magoti.

Siku ya kwanza kabisa nilimwomba mlinzi wa kanisa, mzee mmoja mpole, ajifanye mkabaji. Nikawaambia akina mama: akikaribia, rudi nyuma hatua moja, mtazame machoni, toa sauti. Mzee wa watu akaja, akausahau ukabaji wake, akasema, "Kamwene." Wanawake kumi na wanne wakashuka chini kwa pamoja, magoti sakafuni, wakaitikia salamu, na wa mbele akampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Nilikasirika, nikacheka, halafu nikachoka. Kule mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa amesimama wima. Heshima si utumwa, waliniambia, na kwa kuwa hata mimi nimelelewa hivyo hivyo, niliendelea na somo.

Mwaka jana alikuja binti mmoja, ameolewa hana hata mwaka. Alishika mafunzo haraka kuliko wote. Kila kipindi kikiisha alikuwa anabaki nyuma, unaona kabisa ana neno, halafu anaondoka nalo. Siku moja nikamwambia mficha uchi hazai, sema. Akasema huku anaangalia kandambili zake.

"Mama, na kama ni mtu wa kusalimiwa?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Alikuwa ni baba mkubwa wa mumewe, kaka wa marehemu baba mkwe wake. Kila asubuhi binti akienda mashineni alimkuta kwenye tuta la mfereji, peke yake. Lazima amsalimie, lazima apige magoti. Akishatoa mkono mzee hauachii, na mkono wa pili wa mzee unaanza kutafuta pengine. Akipita bila salamu, ni kesi ya ukoo mzima. Akisema, nani atamwamini yeye mke mgeni, dhidi ya mzee anayegawa mashamba ya watu? Njia nyingine ya kwenda kazini hakuna. Alikuwa anafikiria kuacha kazi, na ile kazi ndiyo kitu pekee alichoweza kukiita chake.

Nikakaa kwenye benchi. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha namna ya kumpiga mtu usiyemjua, anayetokea kichakani. Huyo wa kichakani, tangu nianze kwenda Rujewa, sijaletewa habari zake hata mara moja. Aibu ilinishika, nasema kweli.

Nilimpa kidogo nilichokuwa nacho. Nikamwambia, mpigie magoti ukiwa mbali. Hatua kumi kabla hujamfikia, shuka, msalimie kwa sauti ya kusikika hadi kwa walioko kwenye majaruba ya mpunga, mikono yote miwili ikiwa na mzigo. Kisha inuka, upite upande wa pili wa tuta. Nani atasema hukusalimia?

Niliporudi aliniambia imesaidia siku nne. Ya tano mzee alienda kumshtaki kwa mama mkwe wake: huyu binti ana kiburi, ananisalimia utadhani anaita ng'ombe. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, akauliza tu ni nani anayefundisha hayo. Na kwenye kipindi cha siku hiyo, binti akasema, mama mkwe anakuja mwenyewe.

Akaja kweli. Mwanamke mkavu, mtu mzima, kajifunga khanga mbili. Akaketi benchi la nyuma kabisa, hakusalimiana na mtu. Nilifundisha kipindi chote nikijipangia maneno. Kesi hizi nazijua: binti anakatazwa kuja, na wenzake wanafuata. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Nilishaamua kwamba akinisema namwitikia ndiyo mama, napanda basi langu, na Rujewa sirudi tena.

Wengine walipotoka akamwambia mkwewe amsubiri nje. Akasogea mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Ile ya kuutoa mkono ulioshikwa," alisema. "Nionyeshe na mimi. Huyo shemeji yangu nimemsalimia miaka thelathini."

Nilivua viatu, nikasimama mbele yake, nikamwambia haya, sasa mimi ndiye yeye. Nikanyoosha mkono nimshike.

Akapiga magoti. Yote mawili, sakafuni, mkono wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kiwiko, macho chini. Nadhani hata hakujua kama amefanya hivyo. Nikashuka na mimi, na goti langu hili bovu, nikamshika mabega.

"Simama, mama," nikamwambia. "Tunaanza upya."