Jua Kibogoyo

Kla, kisha kimya kifupi kama cha mtu anayemeza mate, kisha chap. Hivyo ndivyo kamera ya baba yake mkubwa ilivyokuwa ikilia, na mpaka leo, akikaa peke yake, huusikia mlio ule sikioni. Alikuwa msichana mdogo wa kubebeshwa mkoba. Aliwaona watu wakijikaza mbele ya ukuta, vifua vimevimba kama wanaozama, na mlio ulipokwisha wakapumua wote kwa pamoja. Akajiambia moyoni kwamba mwenye mlio ule ndiye mwenye pumzi za watu.

Baba mkubwa alipofariki, wanawe waligombania kitanda na kabati. Kamera hakuna aliyeitaka, ikamwangukia yeye. Akapanga chumba kimoja chini ya ghorofa la zamani karibu na stesheni: pazia jeusi, kiti kilichosahau kuzunguka, shuka jeupe la picha za pasipoti, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi, maana vitana vina miguu. Nje, kwenye baraza ileile, alikaa fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye mdomo mpana. Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao. Fundi aliyasikia yote yaliyosemwa ndani, na asiyoyasikia aliyashona mwenyewe.

Pasipoti zilimpa chakula. Jua lilimpa jina. Jioni moja maharusi wawili walimtaka awapige juu ya daraja la watembea kwa miguu, lile linalovuka reli. Jua lilikuwa linashuka kule reli zinakokutana. Akamwambia bibi harusi akinge viganja kama anayepokea maji, akamsogeza nusu hatua, na jua likakaa viganjani mwake kama yai kwenye kiota. Picha ile ilipotundikwa dirishani, mji mzima ukaitaka. Kila mwisho wa juma maharusi walipanga foleni darajani na shela zao, na yeye akiwaambia yaleyale: "Sogea. Tena kidogo. Usipumue." Jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Akawa Mama Machweo.

Kazi hiyo ina jambo moja ambalo mtu wa nje halijui. Kamera haijui jua liko wapi. Jicho ndilo linalojua. Unabandika jicho kwenye kitundu, unalisubiri jua lishuke mpaka lifike mahali pake, na lenzi ndefu inakuvimbishia lile jua mpaka linakuwa sinia. Baba mkubwa alikuwa amemwonya: weka kipande cha filamu iliyoungua kwa mwanga ikawa nyeusi mbele ya jicho. Aliweka, siku za mwanzo. Lakini kile kipande kilikula rangi, chungwa ikawa kahawia, bibi harusi akawa kivuli. Akakitupa.

"Jua lenye meno ni la mchana," aliwajibu waliomuuliza. "La jioni ni kibogoyo. Na la asubuhi ni kichanga, halijaota jino hata moja."

La asubuhi hilo lilikuwa lake mwenyewe, halikuwa na mteja. Alipanda paa la ghorofa kabla watu hawajaamka, akasimama kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, akalisubiri. Alimfundisha binti yake, mtoto wake pekee, kutofautisha picha za macheo na za machweo hata zikichanganywa: "Machweo yamebeba vumbi la siku nzima, la miguu ya watu wote. Macheo bado hayajakanyagwa." Binti alikuwa akizichanganya kitandani na kuzitenga tena, hakosei. Mumewe hakuyapenda mambo hayo ya paani. Asubuhi moja, wakati mke yuko juu na jua lake, mwanamume alikusanya vyake. Mke aliposhuka alikuta kabati limebaki na mlango mmoja wazi. Hakumtafuta. Alisema tu kwamba picha ya siku ile ilitoka na mawingu.

Ugonjwa ulipoanza, hakujua kama ni ugonjwa. Aliona doa dogo katikati ya picha, kama alama ya dole gumba. Akaifuta lenzi. Doa likabaki. Akanunua kitambaa kingine, kisha dawa ya kufutia, kisha akagombana na muuza dawa mbele ya watu, akimwita mwizi. Mwisho aliibadilisha lenzi yenyewe. Ni siku alipoliona doa lilelile kwenye uso wa mwenye duka, bila kamera, ndipo mikono yake ikaacha kufuta. Akahamia jicho la kushoto. Nalo akalipeleka darajani, kwa sababu maharusi walikuwa wamekwisha kujipanga.

"Mama, umekuwa ukitazama jua?" daktari wa macho alimuuliza.

"Tumekuwa tukifanya kazi pamoja."

Daktari hakucheka. Alimweleza polepole, kama mtu anayempa mwenzake kitu kizito akishike: katikati ya macho yote mawili pameungua, na palipoungua hapaoti tena. Pembeni ataendelea kuona. Ataona njia, ataona mlango, atamwaga chai kikombeni. Kile atakachokitazama sawasawa ndicho hatakiona.

Basi akajifunza kuwatazama watu masikio. Akilenga sikio, uso uliotokea pembeni ulikuwa wa ukungu, kama uliochorwa na mtu aliyechoka: weusi wa nywele, weupe wa kola, na kati yake kitu kisicho na habari. Kamera mpya ya kidijitali aliyokuwa nayo sasa ilijua kujilengea yenyewe nyuso za pasipoti, kwa hiyo wateja hawakugundua. Wengine walisema Mama Machweo siku hizi ana maringo, haangalii mtu usoni.

Fundi ndiye aliyegundua. Alisimama mlangoni asubuhi moja akimsikiliza akilalamika kuhusu umeme.

"Mama Machweo, mbona unanitazama sikio? Unataka kuninunulia hereni?"

"Nakutazama wewe mzima, na sura yako hiyo haichoshi kutazamwa?"

"Nimekutolea ulimi tangu ulipoanza kuongea, na hujanitukana."

Mkono wa Mama Machweo ulikuwa juu ya kiti kisichozunguka. Fundi alivuta stuli akakaa.

"Mtoto anajua?" aliuliza mwishowe.

"Hajui. Na ukimwambia, mimi na wewe basi."

"Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua, najua. Acha kiumbue. Lakini kwanza aende."

Fundi alielewa, kwa kuwa alikuwa amesikia yote kupitia mbao. Binti alikuwa muuguzi. Alikuwa amechumbiwa na kijana mpole, muuguzi mwenzake, na wote wawili wamepata kazi katika hospitali moja ng'ambo, mbali kiasi cha kwamba kule kukikucha huku kunakuchwa. Miaka ya nyuma, mama alipovunjika mguu kwenye ngazi za paa, binti aliacha chuo aje kumpikia na kumwogesha; nafasi yake ikachukuliwa na mwingine, akaanza upya na wanafunzi wadogo kwake kwa umri. Hakuwahi kulalamika. Hilo ndilo lililomtisha mama. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia "sioni", anafungua sanduku na kuzirudisha nguo kabatini.

"Mara moja nimeshamkatia njia," mama alisema. "Mara ya pili itakuwa nimeifanya mazoea."

Kisha binti akaja na ombi lake. Aliingia jioni, akamkalia mama yake mkononi mwa kiti kama alivyozoea utotoni, akinukia sabuni ya hospitali.

"Mama, nataka picha ya viganja."

"Zimepitwa na wakati hizo. Siku hizi wanapiga wakiruka."

"Siruki mimi. Nimekua nikiwatazama mabinti wa watu dirishani kwako, wote wana jua mkononi. Mimi wako, nitoke mikono mitupu?"

Mama alimpapasa goti, akamwambia wacha siku ifike.

Wakapanga, yeye na Fundi. Fundi angekuja darajani kama mshika shuka, lile jeupe la kurudishia mwanga, na angesimama nyuma ya bega lake. Jua likiwa kushoto kwa viganja, angegusa kiwiko chake cha kushoto. Likiwa kulia, cha kulia. Likikaa, angemgonga mgongoni. Walifanya mazoezi kwa balbu ya chumbani na chungwa la Fundi. Chungwa lilikaa. Fundi akalimenya, akasema kama jua ni rahisi hivi, yeye amepoteza ujana wake kwenye vifungo.

Jua lenyewe lilikuwa jambo jingine. Siku ya harusi mawingu yalilala kule magharibi kama magodoro yaliyolowa, na jua likachelewa kutoka chini yake. Lilipotoka lilikuwa limebakiza kidogo tu lizame. Ndugu walikuwa wakipiga kelele ngazini. Treni ilikuwa inakuja, daraja likaanza kutetemeka. Mama alibandika jicho kwenye kitundu kwa mazoea, akaona kile alichokuwa akikiona siku zote sasa: pembeni moto, katikati shimo. Mwanawe alikuwa ndani ya shimo.

"Sogea," alisema. Kiwiko cha kushoto kikaguswa. "Tena kidogo." Kushoto tena. Kisha kulia. Kisha kushoto. Fundi alikuwa akihema. Treni ikapita chini yao, shuka likajaa upepo likamfunika Fundi kichwa, na katika kupambana nalo akamgonga mgongoni. Mama akafyatua.

Binti alikimbilia kamera, gauni limekunjwa mkononi, aione picha kwenye kioo chake cha nyuma.

"Limekaa shingoni," binti alisema. "Kama kidonda." Kisha, taratibu: "Mama, wewe hujawahi kukosa."

"Rudini haraka, tupige nyingine."

"Limeshazama, mama."

Maneno yale yalikuwa yanaelekea kwenye swali. Mama alilisikia linavyokuja, kama treni ilivyosikika kwanza kwenye vyuma vya daraja kabla ya kuonekana. Akafanya jambo ambalo halijampa usingizi mwema mpaka leo. Akageukia sauti ya mkwewe.

"Ni wewe, baba. Nilisema usipumue. Ulimsukuma mwenzio, na jua halimngoji mtu."

Bwana harusi alikuwa amesimama kama mti, hakusogeza hata ukucha.

"Nisamehe, mama," alisema kijana. "Nadhani nilisogea."

Binti akamgeukia mumewe, sauti imempanda: picha moja tu ameomba maishani, moja, na hata kusimama hawezi? Ndugu wakacheka, wakasema ndoa ndiyo imeanza hiyo. Waliteremka daraja huku bibi harusi akitangulia na bwana akimfuata nyuma kwa hatua fupi. Mama alishuka mwisho, mkono kwenye chuma, akihesabiwa ngazi na Fundi kwa sauti ya chini.

"Umemwonea mtoto wa watu," Fundi alimwambia.

"Najua."

"Na amekubali."

"Ndiyo maana nimempa mwanangu."

Siku ya safari kulikuwa na manyunyu. Gari liliegeshwa mbele ya baraza, injini inanguruma, masanduku yanagongana nyuma. Mkwe alimwinamia mama, akamshika mikono yote miwili na kukaa nayo muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Mama akajiuliza kama kijana yule amemjua, na kama anakwenda na siri yake ng'ambo kwa hiari.

Kisha alikuja binti. Alimkumbatia, wakayumba pamoja kama watu wanaopimana uzito. Alipojitoa, alirudi nyuma hatua moja akasimama, mbele yake kabisa, pasipo neno. Mvua ilikuwa ndogo mno kusikika. Mama aliinua uso wake kuelekea pale mwanawe alipo na kujilazimisha kumtazama sawasawa, si sikio, ili asije akasema mama yake alitazama pembeni siku ya kuagana. Akamtazama hivyo kwa muda mrefu, akitabasamu, wala hakuona kitu.

"Nenda, mwanangu," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuwaambia watu wasogee. "Mtachelewa."

Mlango ukafungwa. Gari likaondoka, akalipungia kwa kulifuata mlio wake, mpaka ulipochanganyika na magari mengine ya barabara kubwa. Hata hapo hakuushusha mkono.

Fundi alisimama pembeni yake, cherehani yake imefunikwa nailoni. Alingoja aambiwe waingie ndani. Mama Machweo aliinamisha kichwa kumwelekea, na kwa sauti ambayo hata ukuta wa mbao usingeipitisha, akamuuliza:

"Alikuwa analia, au anacheka?"