Jibu Lililovuta Watu

Mwalimu wa darasa la tano alikuwa akimuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja. Walikaa nyumba ya kupanga Somanda, pale Bariadi, karibu na hospitali, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza yule bibi kitandani wala kumlisha uji. Kwa hiyo kila jambo jipya lililokuja shuleni kwetu, yeye alilipima kwa swali moja tu: litanitoa Somanda?

Mimi sikuwa na wa kumuuguza. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu katika miaka ile ambayo serikali iliacha kumngojea mhitimu mlangoni na barua ya ajira. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na sisi wenye digrii tukaambiwa soko litatupokea. Soko la Bariadi lilinipokea kama linavyompokea mtu yeyote asiye na mzigo wa kuuza. Nikashika chaki kwa muda katika shule ya msingi iliyokuwa njiani kuelekea Kasoli, nikisaidia pale palipopungua mwalimu. Wenzangu waliniita Msomi, na hawakuwa wakinisifu.

Mwaka ule shule yetu iliteuliwa kujaribu muhtasari mpya wa Hisabati. Tuliambiwa kwamba zamani mitaala ilishushwa kutoka juu, na sasa mwalimu ni mshiriki, anapewa nafasi ya kusema. Nilimuuliza afisa aliyetuletea kiongozi cha mwalimu, kile kitabu cha maelekezo, "Tukisema haufai, mtauacha?" Akacheka, akaniuliza nimesoma chuo gani. Mwalimu Mkuu alinitazama kama mtu anayeona ng'ombe wake akiingia shamba la jirani.

Kiongozi kilisema wanafunzi wagawanywe katika makundi, wajadili, kisha kundi bora lipongezwe. Darasa la tano lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Mwalimu aliwaambia wajigawe wenyewe, ili asipoteze kipindi. Wakajigawa mara moja, bila kusukumana: waliotoka kwa Bagika huku, waliotoka kwa Bagalu kule.

Asiyetoka kwetu inabidi aelezwe. Baada ya mavuno, pande hizo mbili za ngoma hushindana. Zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na wake, na anayeshinda ni yule aliyewavuta watazamaji, kwa nyimbo au kwa dawa. Ukianza kuona migongo ya watu, umekwisha. Watoto walikuwa wanajua upande wa baba zao kabla ya kujua kuandika majina yao.

Basi wakaleta mashindano hayo kwenye sehemu na desimali. Ubao uligawanywa katikati. Kila upande ulikokotoa na kueleza kwa sauti, na yeyote aliyeridhika na maelezo ya upande wa pili alikuwa huru kuvuka. Walitaniana, waliimba, waliingiza Kisukuma pale Kiswahili kilipowakwama. Watoto ambao mwaka mzima nilidhani ni mabubu sasa walikuwa wanabishana kuhusu kiasi na asili ya sehemu hadi kwenye foleni ya kisima.

Palikuwa na tatizo moja, na mimi ndiye niliyelisema. "Mwalimu, juzi jibu lililoshinda lilikuwa la makosa. Wamelifuata kwa sababu limeimbwa vizuri."

"Nimeona," alisema.

"Sasa?"

"Na zamani je? Kabla ya haya makundi? Walikuwa wanafuata la kwangu kwa sababu nina fimbo." Akafuta chaki mikononi. "Msomi, wewe huko chuoni hukuwahi kufuata jibu la makosa lililosemwa vizuri?"

Niliwahi, na zaidi ya mara moja.

Kisha ikaja habari kwamba wageni watakuja kutazama kipindi: wawili wa ofisi ya elimu ya wilaya na mama mmoja mkuza mitaala kutoka Dar es Salaam. Mwalimu Mkuu alituita ofisini, sisi wawili, akafunga mlango.

"Habari ya ngoma darasani iishe leo," alisema. "Wakija wakute makundi manne. A, B, C, D. Mmewachanganya, wamekaa, wametulia. Kisukuma nisikisikie. Mnataka wageni waseme tunafundisha ushirikina? Kesho watazika dawa mlangoni pa darasa, mtasema ni njia shirikishi!"

"Wanajifunza," nilisema.

"Wewe nyamaza. Wewe ukiharibu unafunga begi unaondoka, huna faili kokote." Akamgeukia mwenzangu, na sauti ikashuka. "Mwalimu, wewe faili unalo. Wilaya wanatafuta mtu wa kupeleka kule Itilima, shule ambayo gari linafika siku ya mnada tu. Sitaki wakukumbuke wewe. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea," alisema Mwalimu. Mikono ilikuwa imekaza kwenye mapaja. Tulitoka, akashika baiskeli yake.

"Nitawachanganya," alisema. "Na wewe usinitazame hivyo."

Siku ya wageni, watoto walikaa kwa A, B, C, D, nguo zimefuliwa. Wageni walikaa nyuma, nami pembeni yao. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni kama askari. Mwalimu aliandika swali: mkulima amepanda pamba nusu ya shamba lake na mahindi theluthi ya shamba hilohilo. Amepanda sehemu gani ya shamba?

"Jadilianeni," alisema.

Hawakujadiliana. Kila kundi lilikaa likitazama dawati. Mtoto wa Bagika alimwangalia jirani yake wa Bagalu kama mtu aliyekalishwa karibu na mgeni msibani. Nilisikia mbuzi nje. Afisa mmoja wa wilaya alikohoa.

"Jadilianeni, watoto," Mwalimu alirudia.

Wakazidi kuinamia madawati.

Mama wa Dar es Salaam aliandika kitu. Yule afisa aliinamia sikio lake, akanong'ona kwa sauti ya kutosha: "Huku kwetu watoto ni wazito kidogo kushiriki."

Mwalimu alisikia. Nilijua amesikia kwa sababu aliacha kuzungusha chaki. Alimtazama Mwalimu Mkuu mlangoni, na Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa, polepole, mara moja. Nilimfikiria yule bibi kitandani Somanda, na gari linalofika siku ya mnada. Nilitamani abaki na A, B, C, D. Mimi, niliyekuwa napinga kila kitu, nilikuwa namwombea atii.

Akawaambia kwa Kisukuma kila mtu aende upande wake.

Madawati yalilia. Vumbi likapanda. Kufumba na kufumbua ubao ulikuwa na pande mbili, na mvulana mmoja wa Bagalu, mwenye sauti ambayo baadaye ilikuja kumpatia jina kwenye ngoma za kweli, alikuwa tayari amesimama.

"Nusu ni kipande kimoja katika viwili!"

"Viwili!" wakaitikia wenzake.

"Theluthi ni kimoja katika vitatu!"

"Vitatu!"

"Kimoja na kimoja?"

"Viwili!"

"Viwili na vitatu?"

"Vitano!"

"Mkulima kapanda viwili katika vitano! Bagika, mna la kusema au mnangoja mvua?"

Darasa liliripuka. Bagika mmoja akavuka, wakafuata watano, kisha hata wale niliowajua kuwa hodari wakanyanyuka. Yule afisa aliyenong'ona alikuwa akitingisha kichwa kwa mapigo. Mama wa Dar es Salaam aliacha kalamu hewani. Jibu lilikuwa la makosa, limeandikwa kwa tarakimu kubwa mbele ya mkuza mitaala, na darasa zima lilikuwa linalikimbilia.

Mwalimu hakusema kitu. Alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma. Mwalimu Mkuu alikuwa akimwonyesha kwa kidole: futa, futa. Niliona jasho kwenye kola ya gauni la Mwalimu. Nilifungua mdomo nisahihishe mwenyewe, naye akanitupia jicho moja nikaufunga.

Upande wa Bagika walibaki wachache. Msichana mmoja mwembamba, aliyekuwa akikaa nyuma siku zote, alikuwa bado anaitazama ile mbili juu ya tano. Akatoka mbele.

"Bwana mkulima, mwangaluka," akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akajibu yule mvulana kwa madaha, kama anayemwamkia mama mtu mzima. Wakacheka.

"Ulianza na nusu ya shamba. Pamba."

"Ndiyo."

"Ukaongeza mahindi."

"Nikaongeza!"

"Sasa una viwili katika vitano. Nusu ya vitano ni ngapi?"

Mvulana alihesabu vidoleni. "Viwili na nusu."

"Wewe una viwili." Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu kapanda pamba, kapanda na mahindi, shamba likapungua! Nani kakuibia wakati unalima? Au kwenu mnalima kinyumenyume?"

Kicheko hicho sijawahi kukisikia tena darasani. Mvulana mwenyewe alicheka huku ameshika kichwa. Watu wakaanza kurudi, na wengine waliosimama katikati wakabishana, mpaka mtu akasema tukate shamba vipande sita tuone. Wakachora. Vitatu vya pamba, viwili vya mahindi, kimoja kimebaki. Yule mvulana wa Bagalu ndiye aliyeandika tano juu ya sita, kwa nguvu, mpaka chaki ikavunjika.

Wageni walipiga makofi. Mwalimu Mkuu alipiga kuliko wote.

Nilidhani tumepona. Lakini wiki chache baadaye tuliitwa kituo cha walimu, Bariadi mjini, na pale mama wa Dar es Salaam, mtu mwema, nasema bila kejeli, akatugawia kurasa zilizopigwa chapa: njia mpya iliyobuniwa na walimu wenyewe. Niliisoma palepale. Kundi A na kundi B. Kila kundi lieleze kwa dakika tano. Mwalimu atangaze mshindi.

"Na mwalimu wetu," alisema, "atazunguka wilaya jirani, kisha kata zetu zote, kuwaelekeza wenzake. Tumeshamwombea ruhusa mpaka mwisho wa muhula."

Makofi tena. Mwalimu alisimama. Uso wake ulikuwa uleule wa ofisini, siku mlango ulipofungwa.

"Siwezi," alisema.

"Mwalimu, hii ni heshima."

"Nashukuru. Nina mgonjwa nyumbani, hainuki kitandani."

"Hakuna ndugu?"

"Angekuwapo ningesema."

Afisa wa wilaya alivuta pumzi kwa nguvu. Mama wa Dar es Salaam alisema kwa upole, "Basi, si neno. Mwongozo upo. Mtu yeyote anaweza kwenda kuusoma."

"Ule muda aliokaa kimya mmeuandika wapi?" niliuliza.

"Kimya gani?"

"Walipokuwa wanafuata jibu la makosa. Hakutangaza mshindi. Alingoja."

Alifungua kurasa zake, akatafuta kwa dhati kabisa. "Hilo linaandikwaje?" aliniuliza. Afisa wa wilaya akasema kwa kuwa Msomi anajua mapungufu yote, aende Msomi. Watu wakacheka. Nikamtazama Mwalimu, alikuwa amekwisha kukaa, ameinamisha uso. Kama ningekataa, wangemrudia yeye.

Nikasema nitakwenda.

Kituo cha kwanza kilikuwa Lamadi, kando ya ziwa, darasa linalonuka dagaa waliokuwa wakianikwa nje. Sikuwa nimemaliza ukurasa wa kwanza mwalimu mmoja wa makamo akainua mkono.

"Kijana, watoto wetu hapa wametoka kila kona ya ziwa. Hiyo A na B tunaikata wapi?"

"Sijui."

"Umeshaifundisha wewe?"

"Hapana. Nilikuwa nimekaa nyuma."

"Na aliyeifundisha?"

"Amebaki Somanda. Anamuuguza mama yake."

Wakatazamana. "Sasa wewe umekuja kufanya nini?" akauliza mwingine, na hakuwa akitania. Niliweka karatasi mezani. Nikawauliza watoto wao wakitoka shule wanashindana nini, na nani huamua nani kashinda. Walianza kubishana wao kwa wao, kwa sauti, na kwa muda mrefu hakuna aliyenikumbuka.