Mchele Uliooshwa Mara Moja

Nilipofika miaka ishirini na sita nilikuwa na kazi benki, chumba kidogo katika fleti ya mama yangu Kilburn, huku kwa Waingereza, na barua niliyoificha ndani ya foronya ya mto. Barua ilitoka chuo cha filamu. Walikuwa wamenikubali, na walitaka jawabu kabla ya Ijumaa.

Mama alikuwa ameshalikataa jambo hilo mara mbili, hata kabla sijaomba nafasi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye hakutoka Unguja baada ya Mapinduzi, mjane mwenye watoto watatu na masanduku mawili, akafua mashuka ya hospitali miaka kumi na saba, ili binti yake aache benki akapige picha za watu. Mtu wa nje ataniuliza: mtu mzima kama wewe, si uende tu? Kwetu haiwi hivyo. Kwetu mtu haanzi safari, ndoa wala masomo bila radhi ya mama. Nilikuwa nimejiapiza mambo mawili: sitakwenda bila radhi yake, na sitaacha kumwomba. Mimi ni mkaidi. Ukaidi nimeurithi kwake, kwa hiyo asinilaumu.

Nikaona maneno yamekwisha, bora nimwonyeshe. Kulikuwa na daktari wa meno, Mbengali wa makamo, ambaye Jumapili moja kila mwezi alikodi ukumbi mdogo wa mtaa akaonyesha filamu za kwao Kalkuta. Mwaka mzima nilikuwa nikimsaidia. Alinifundisha kufungua mikebe ya filamu, kupitisha mkanda kwenye mashine bila kuukwaruza, na kusikiliza mlio wake ili nijue mkanda unakaribia kukatika. Filamu zake hazikuwa na mapigano wala wacheza ngoma. Zilikuwa za makarani, walimu, wake zao, vyumba viwili vya kupanga, mwavuli uliovunjika. Nilipoziona mara ya kwanza nilihisi kama mtu ameingia nyumbani kwetu bila kupiga hodi.

Nikamwambia mama, "Jumapili hii njoo uone kazi ninayoifanya. Tutaonyesha filamu ya kutoka India."

Hapo ndipo nilipokosea. Mwambie mwanamke wa Unguja wa rika lake filamu ya kutoka India, na yeye hasikii neno jingine. Wanawake hawa walikulia kwenye maonyesho ya Jumapili ya wanawake peke yao. Nyimbo wanazijua kwa moyo na kulia wanalia kwa pamoja. Mama akawaambia wenzake wa maulidi. Jumapili mchana wakaingia ukumbini wanawake kumi na wanne, wamejifukiza udi, wamebeba vitambaa vya kufutia machozi na masinia ya sambusa. Daktari wa watu alifurahi mpaka akavaa miwani yake juu chini. Hajapata kuona umati kama ule.

Mbele kabisa alikaa shangazi mmoja ambaye Unguja nzima ilimjua kwa kufasiri. Alijifunza Kihindi kwa kutazama filamu tu, na sinema yoyote aliyoingia aliwafasiria wenzake kwa sauti. Hakuna aliyemwambia kwamba Kibengali si Kihindi. Mimi nilikuwa kwenye mashine, na nilipotaka kusema, taa zilikuwa zimeshazimwa.

Filamu ilikuwa hivi: karani amemwalika mkubwa wake wa kazini aje kula. Mkewe anachagua mchele, anaosha, anapika, anaazima sahani kwa jirani. Mgeni haji. Basi.

Mwanamke wa kwenye filamu akamwambia mumewe jambo fulani. Chini ya picha maandishi ya Kiingereza yalisema kwamba maji yamekatika tangu asubuhi.

"Anamwambia, najua una mwanamke mwengine!" shangazi akafasiri.

"Hee! Mwanamme mbaya huyo!" wakaitikia.

Mume akajibu kwamba ataleta ndoo mbili kutoka chini.

"Anasema, nitakuua!"

Nilitamani ardhi inimeze. Daktari wa meno alinigeukia akanong'ona kwa Kiingereza kwamba hajapata kuona watazamaji walioguswa kiasi kile. Sikuwa na moyo wa kumweleza. Dakika zikapita, hakuuawa mtu. Hapakuja wimbo. Yule mwanamke alikaa dirishani akichagua mchele, akatoa kijiwe, akachagua tena.

"Sasa huyu ataimba lini?" mmoja akauliza.

"Ataimba akishakufa mume," shangazi akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

Hapo nikamsikia mama. "Shoga, hebu tunyamazie. Huyu habari yake ni maji. Huoni ndoo?"

Mama hajui Kiingereza cha kusoma, na Kibengali hajapata kukisikia. Alikuwa ametazama tu.

Wakaanza kuondoka. Mmoja alikumbuka basi lake, mwengine wajukuu. Shangazi aliondoka wa mwisho, akanipitia pale kwenye mashine. "Mwanangu," akanambia, "mchele mie ninao nyumbani." Walicheka mpaka nje. Mimi nilisikia aibu, nikasikia na hasira. Nikasema moyoni, nitaionyesha mpaka mwisho hata ikibaki viti vitupu, na sikuondoa mkono kwenye mashine. Taa zilipowashwa mama alikuwa yuko pale pale, mkoba mapajani, masinia ya sambusa yamemzunguka.

Njia nzima ya kurudi Kilburn alitangulia mbele na masinia yake. Nilijua maana ya mwendo ule, au nilidhani najua. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na Ijumaa haikuwa mbali. Tulipofika alivua buibui, akaingia jikoni, akamimina mchele kwenye sinia, akakaa kuuchagua. Nikasimama mlangoni na koti langu mwilini.

"Ile filamu ina uongo," akasema.

"Uongo gani, mama?"

"Yule mwanamke kaukosha mchele mara moja. Kaumwagia maji, kayamwaga, kautia chunguni. Mgeni mkubwa anakuja, maji ya ndoo yamo mwahala mule, halafu akoshe mara moja? Hata! Angebania maji ya kuogea, si ya mchele." Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Aliyeitengeneza mwanamme?"

"Ndiyo, mama."

"Ndo maana. Kamtazama mikono, lakini hajapata kupika." Akaendelea kuchagua. "Mengine kayaona lakini. Ile namna alivyokaa baada ya mgeni kutokuja, akazirejesha sahani za watu. Ile ni kweli. Mie nshakaa hivyo."

Nilikuwa sijapata kumsikia akisema hivyo. Machozi yakanijaa, nikayazuia, kwa sababu niliogopa akiyaona ataacha kusema.

Akainuka, akatia mchele kwenye bakuli, akafungua bomba. "Na weye? Ungekuwa unaitengeneza weye, ungemkoshesha mara ngapi?"

Nikamjibu, "Mpaka maji yatakate."

Akaosha, akamwaga. Akaosha tena, akamwaga. Mara ya tatu aliinamisha bakuli nione, na maji yalikuwa safi, punje zinaonekana moja moja.

"Basi kailete hiyo barua," akasema.

"Barua gani?"

"Usinifanye mjinga. Nimefua mashuka ya watu miaka kumi na saba, ntashindwa kujua kilichomo ndani ya foronya yangu mwenyewe? Kailete unisomee. Radhi yangu unayo. Lakini siku utayomkoshesha mtu mchele mara moja, nairejesha kwangu."

Nilijibu chuo kabla ya Ijumaa. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika kumi na moja, na ndani yake mama yumo jikoni kwake Kilburn, mtandio kichwani, anaosha mchele. Mwalimu wangu aliitazama mara mbili, akaniambia ni nzuri, ila hapo kwenye mchele nikate: akiosha mara moja mtazamaji ameshaelewa, mara tatu ni kumchosha. Aliniwekea mkasi mezani.

Nikamrudishia mkasi wake. Zote tatu zimo mpaka leo.