Waridi la Najiat

Wifi yangu Najiat ni fundi cherehani wa Ng'ambo, na mkasi wake haukati kitu ila kitambaa. Ukiukatia karatasi, umetafuta ugomvi. Ndiyo maana alipoona majani ya waridi lake la uani yamekatwa viduara pembeni, alinigeukia mimi.

“Wifi, umechukua mkasi wangu ukachezea majani?”

Niliapa. Hakuniamini. Akavuta kigoda, akakaa kumvizia mwizi, nguo za watu zikasubiri.

Saa nne, jua lilipokolea, akaja nyuki mmoja mnene, si wale wa asali. Akatua ukingoni mwa jani, akalishika kwa miguu, akazunguka huku akikata kwa meno. Hata dakika haikuisha. Akaruka na kipande chake, duara kamili, akaingia nacho kwenye kitundu cha ukuta. Akarudi kukata kingine, nacho kikawa sawasawa na cha kwanza.

Najiat alikuwa na futi yake shingoni, kama siku zote. Miaka ishirini na sita anakata kola za watu, na bado hupima mara mbili. Alipitisha kidole kwenye jani lililokatwa, asikute hata palipochanika.

“Subhanallah,” alinong'ona. “Huyu kafundishwa na nani?”

Mimi hajaniomba radhi mpaka leo. Ila siku hizi mteja akimsifia mshono, humshika mkono akampeleka uani.

“Njoo,” humwambia, “nikuonyeshe fundi.”