Shairi Lililochelewa Kufika

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, nilikuwa nafundisha darasa la tano hapa Kamina, kusini mwa Kongo. Wazazi wenye simu tuliwaweka kwenye kundi moja, nikawa nafundisha kwa vokali, yaani ujumbe wa sauti. Watoto walisikiliza jioni, wazazi wakisharudi kutoka sokoni na kazini.

Hesabu ilikwenda. Mashairi yalinishinda. Nilipoeleza beti na vina, watoto waliniletea nyimbo za kanisani. Baba mmoja, askari wa kambini, alimtungia mwanawe shairi zima, lilianza na "Kwa heshima zote, Madamu." Nilicheka, kisha nikabadili kazi: kila mtoto asikilize sauti moja ya nyumbani kwao, aieleze bila kuitaja jina, sisi wengine tuitambue.

Hapo vokali zikaanza kumiminika. Kinu. Mvua juu ya bati. Pikipiki ya baba inayokataa kuwaka asubuhi. Mtoto mmoja alieleza mkoromo wa bibi yake, na bibi mwenyewe akasikika nyuma akikana.

Msichana mmoja tu hakutuma. Darasani alikuwa mtu wa kunong'ona, lakini kazi zake hazikuchelewa kamwe. Nilipiga simu ya mama yake, muuza samaki, haikupatikana. Nikaenda kwa jirani yao.

"Madamu, bale balienda Malemba kuangalia nkambo yabo," akaniambia, yaani bibi yao. "Tangu pale hatujasikia kintu."

Siku zile watu walikuwa wakiingia mjini na mafurushi juu ya baiskeli, wakisema wenye silaha wamevamia vijiji vya upande ule. Niliendelea kufundisha. Kila simu ilipolia niliikimbilia, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Mume wangu aliniambia niache kuwauliza wakimbizi barabarani, nitajiumiza bure. Niliwauliza hata hivyo.

Mchana mmoja, nikiosha mihogo uani, vokali iliingia kutoka namba nisiyoijua. Kwanza alisema mama: "Madamu, tuko bazima bote. Simu yetu ilipotea mu njia. Mutoto ananisumbua, anasema lazima akutumie kazi."

Kisha yule msichana, kwa sauti ya juu ambayo sikuwahi kuisikia darasani:

"Mama alisema: nyamaza.
Majani ikanyamaza.
Mutoto wa ku mugongo naye akanyamaza.
Asubui, juu ya nyumba ya bantu hatubajue,
mwenye kiburi mumoja akapiga kelele,
na sisi bote tukacheka."

Nilikaa chini palepale, mikono inachuruzika maji. Mume wangu akatoka mbio.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema. "Hakuna mtu aliyekufa." Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, naye akabaki amesimama, hajui anipe kiti au kitambaa.

Niliituma vokali ile kwenye kundi. Kabla mihogo haijaiva, nusu ya darasa walikuwa wameshajibu kwa kuwika kama jogoo, na wazazi wawili pia.

Shule ilipofunguliwa, yule msichana alirudi kwenye benchi lake, barakoa usoni, amerefuka kidogo. Nilipopita karibu aliuliza kwa kunong'ona, "Madamu, nilipata pointi ngapi?"

Sikuwa nimempa mtoto yeyote pointi.

"Kumi juu ya kumi," nikamjibu, na jirani yake wa benchi akanyoosha kidole mara moja, naye anataka kujua za kwake.