Fundi Presha Ahamia Koki ya Chini

Mume wangu hutia neno presha katika kila jambo, kama mpishi mwenye mkono mzito wa chumvi. Maji yakichuruzika kinyonge kwenye bafu la ghorofa ya juu, presha ndogo. Yakirusha koki, presha kubwa. Tairi la baiskeli yake likilegea, halina presha. Wapangaji wakimpigia simu wote kwa mkupuo, wanampa presha. Timu yake ikiongoza kwa bao moja na mwamuzi akaongeza dakika, hiyo ni mechi ya presha. Na binti yetu alipochelewa kuolewa, nami nikawa namnong'oneza habari za vijana wa watu, alinikanya nisimpe mtoto presha. Wapangaji wa jengo tunalolitunza wakamwita Fundi Presha, naye akaitika.

Neno hilo alilirithi kwa fundi mzee aliyemfundisha kazi, pamoja na spana moja nzito na tabia ya kusonya. Chumba chetu kiko chini kabisa ya jengo, na nje ya mlango ndipo linapoishia bomba kubwa la chuma linaloshuka kutoka kwenye matangi ya paani. Mwisho wake kuna koki. Koki hiyo ndiyo ofisi yangu.

Kanuni yake ni kwamba hagusi kiungo chochote kabla maji hayajatolewa kwa chini. Yeye hupanda paani akafunga valvu ya tangi, mimi nafungulia koki ya chini mpaka bomba likauke. Akishatengeneza palipoharibika hupanda tena, akafungua valvu polepole, nami nasubiri koki ikohoe hewa yote. Maji yakinyooka, nafunga. Katika hayo yote tunaongea kwa kugonga bomba: mara mbili maana yake fungulia, mara moja maana yake tayari, na aliyesikia hurudisha vilevile. Vijana wa ghorofani walituuliza kwa nini tusipigiane simu. Akawajibu kwamba simu ina uongo mwingi, mtu yuko kitandani anakwambia yuko njiani. Ila kwa kugonga ni bahili. Bomba si ngoma, husema.

Mwaka huu akaanza kulalamikia kichwa, nikamburuta hadi zahanati. Nesi akamfunga mkanda mkononi, akapampu, akatazama geji, akapima tena. Akasema presha iko juu, akampa vidonge vya kila siku na kumkataza ngazi ndefu mpaka itulie. Mume wangu akasema maisha yake yote watu wanamwita aipandishe presha, leo ndiyo kwanza anaombwa aishushe. Nesi alicheka. Mimi sikucheka. Kaka yake mkubwa alifariki kwa ugonjwa huohuo, asubuhi, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, na tangu siku ile mume wangu huvaa viatu vya kutumbukiza tu. Hajawahi kusema sababu, nami sijawahi kuuliza. Ni woga, na mwanamume anayeogopa ugonjwa huwa mbishi kuliko punda.

Vidonge alimeza, ngazi hakuziacha. Nilipomwambia paa ampe mtu mwingine alinuna mchana kutwa. Akikaa chini, alisema, atakuwa si fundi tena, atakuwa mlinzi wa koki. Nikamwambia ahsante, mlinzi wa koki amesikia.

Basi kiungo cha ghorofa ya kati kikaanza kuvuja, naye akapanda. Akagonga mara mbili, nikarudisha, nikafungulia. Maji yakamwagika, yakapungua, yakaisha. Nikagonga mara moja kumwambia tayari. Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Nikaligonga bomba lile kama mwendawazimu mpaka wapangaji wakafungua milango, kisha nikaiacha koki wazi nikazikimbilia ngazi, mimi na magoti yangu haya.

Nilimkuta ameketi, mgongo kwenye tangi, jasho linamtiririka, spana mapajani. Alikuwa hai. Nikamshukuru Mungu, halafu nikakasirika, kwa mpangilio huo.

"Nimepumzika tu," alisema.

"Ungenijibu."

"Mkono haukunyanyuka."

Nikaketi kando yake mpaka pumzi zetu sote wawili zikarudi. Nilitaka kumgombeza, lakini niliuliza taratibu.

"Baba watoto, bomba likizidiwa presha, wewe unaanzia wapi?"

Aliitazama spana. "Koki ya chini."

"Basi shuka. Huku nitashika mimi."

Akaifuta spana kwenye suruali, pande zote, akanipa. Spana ile hata mimi nilikuwa nikiisogeza tu ninapofagia. Nilijua amenipa kitu kikubwa, nikaipokea kwa mikono miwili.

Wapangaji walinisaidia kumshusha, tukaenda moja kwa moja kwa yule nesi. Wakamlaza, wakambadilishia vidonge, na sasa presha imetulia. Viungo vya ghorofa za chini bado anatengeneza mwenyewe, na kusonya anasonya. Paa ni langu.

Siku yangu ya kwanza nilifunga valvu, nikagonga, akanijibu, kila kitu kikaenda sawa. Kazi ilipokwisha nikafungua valvu polepole kama alivyonielekeza mara nyingi kupita kiasi, nikasimama kungoja. Na mtu huyu hakuwahi kuniambia kwamba kule juu kuna upepo mtamu namna ile. Kila siku alikuwa akishuka na malalamiko ya jua. Unaona nguo za mtaa mzima zikicheza kwenye kamba, unaona mafundi cherehani barazani, na hakuna anayekuita. Nikajisahau, nakiri, nikapotelea huko na spana yangu.

Mara bomba likaanza kulia. Haikuwa mara moja wala mara mbili. Liligongwa bila hesabu, mfululizo, mpaka tangi likatetemeka. Nikajibu haraka, nikashuka.

Alikuwa amesimama kando ya koki, shati limelowa, nyundo ya jirani mkononi. Nikamuuliza tangu lini bomba limekuwa ngoma.

"Nimegonga tayari, hukujibu," alisema, na sauti ilikuwa imemkauka. "Mama, umenipa presha."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nilichukua taulo nikamfuta maji usoni.

"Pole," nilimwambia. "Mimi nimekaa hapohapo na hiyo presha tangu unioe."